Zamu ya Theta

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Wakonyo alijua kazi iliyokuwa ikimngoja. Aliosha vyombo, akafagia sebule yao ndogo pale Makongeni, mjini Thika, akaweka stuli karibu na dirisha ambako mwanga ni mzuri. Saa nane haikupita kabla ya hodi kusikika.

"Bwana asifiwe, watu wa hapa!"

"Amina, Mama Aketch. Karibu ndani," alijibu Beth, mama yake Wakonyo.

Mama Aketch aliitwa Emmaculate, lakini mtaani walimjua kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuja Thika kutoka Siaya akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyepanga zamu za akina mama wa kanisa wa kuwatembelea wagonjwa na wazee wanaoishi peke yao. Beth alikuwa mwenyekiti, lakini daftari lilikuwa la Mama Aketch. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, Wakonyo ndiye aliyemwandikia.

Wagonjwa walikuwa saba, toka Mzee Gachau wa hapo jirani hadi Cucu Njambi, nyanya aliyeishi peke yake kule Theta nje ya mji, na kila mmoja alikuwa na mama wa kumtazama. Lakini kumtazama mgonjwa hakukutosha. Mtu hakutiwa alama daftarini mpaka apige simu au aje mwenyewe, aeleze alivyomkuta mgonjwa na neno ambalo mgonjwa amemtuma. Hapo ndipo Jumamosi ilipoliwa.

"Umemkuta anakula nini?" Mama Aketch aliuliza kwenye simu. "Uji? Uji wa nini? Na kikohozi je? Amesema nini kuhusu mimi? Ati nimenenepa! Mwambie yeye ndiye haoni."

Akicheka hivyo, alimwashiria Wakonyo aandike kitu pembeni mwa ukurasa kwa penseli. Pembeni kulijaa maneno madogomadogo: mlango wa nyuma, mbwa mkali, hasikii sikio la kushoto. Simu saba kama hizo zilikula muda wa saa tatu. Nje, wasichana wenzake walikuwa wakiruka kamba, na Wakonyo alisikia vicheko vyao huku mkono ukimuuma.

Wakonyo alikuwa Gredi ya Nane, na shuleni alikuwa katika klabu ya kompyuta. Muhula wa pili ulipoanza, Mwalimu Nicanor aliwafundisha jambo lililomfanya asahau hata kengele ya kwenda nyumbani.

"Mmezoea akili unde ya kuuliza swali ikakujibu," mwalimu alisema. "Leo tutatengeneza msaidizi. Huyu unampa kazi, anaifanya mwenyewe hatua kwa hatua. Akimaliza, anangoja siku yake ifike, anairudia. Wiki hii, wiki ijayo, mpaka umwambie basi."

Wakonyo aliinua mkono. "Anaweza kupanga zamu, Mwalimu?"

"Zamu za nini?"

Wakonyo akaeleza. Mwalimu Nicanor alifurahi sana, na kwa siku nne walikaa pamoja saa za klabu wakiandika maagizo. Siku ya mwisho alimwambia, "Sasa nenda ukamjaribu. Lakini sikia. Mwezi wa kwanza usiliweke kando lile daftari. Viende pamoja, ulinganishe kila wiki. Kitu kinachojirudia, kosa lake nalo hujirudia."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Wakonyo.

Mwezi mzima! Njiani kwenda nyumbani alipiga hesabu ya Jumamosi nne zaidi za simu saba. Alipofika, mama yake alimuuliza, "Mwalimu amesemaje kuhusu hicho chombo chenu?"

"Amesema kiko tayari," Wakonyo akajibu.

Jioni hiyo aliketi na simu ya mama yake na lile daftari. Alinakili majina ya akina mama, namba zao za simu, na majina ya wagonjwa. Yale maneno ya pembeni aliyaacha. Aliyaona kama michoro tu ya mtu anayezungumza sana. Kisha akaongeza maagizo yake mwenyewe juu ya yale ya mwalimu. Mtu asipojibu meseji, hesabu kwamba amekubali. Ukikosa habari, endelea, usinisumbue. Kila Jumamosi jioni, andika ripoti nzuri ya shukrani ya kusomwa kanisani.

Jumapili iliyofuata Beth alisimama mbele ya kanisa, akasoma kwenye simu. "Tunamshukuru Mungu. Wagonjwa wetu wote saba wametembelewa wiki hii na wanaendelea vyema." Ripoti ilimtaja kila mgonjwa na aliyemtembelea, kwa Kiswahili kitamu kuliko cha mchungaji. Akina mama walipiga makofi. Nje ya kanisa walimzunguka Wakonyo.

"Huyu sasa ni injinia wetu!"

"Beth, mtoto huyu usimtume hata sukari dukani. Atatuma roboti!"

Mama Aketch pia alicheka. Alimshika Wakonyo bega, akasema, "Umenipumzisha, mwanangu. Macho haya yalikuwa yamechoka." Lakini Jumamosi iliyofuata alipita mlangoni saa nane bila daftari, akasalimia, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, kisha akaenda zake.

Mambo yaliendelea hivyo. Jumapili jioni meseji zilikwenda zenyewe. Jumamosi jioni ripoti ilijiandika. Wakonyo aliruka kamba.

Ilikuwa wiki ya tatu alipomwonyesha Lynn, rafiki yake wa darasani, jinsi msaidizi anavyofanya kazi. Waliketi kwenye ngazi za duka, Lynn akipitisha kidole kwenye kioo cha simu.

"Maze, hii ni noma," Lynn alisema. "Wewe unakaa tu, inafanya. Lakini huyu Mama Ngigi mbona hajajibu hata siku moja? Wengine wameandika 'sawa', 'nitaenda', huyu hakuna."

"Mtu mzima akinyamaza amekubali."

"Na hapa imeandika, 'Mama Ngigi alimkuta Cucu Njambi wa Theta akiendelea vyema.' Kama hajajibu, imejuaje?"

Wakonyo alisoma maneno yale mara mbili. Alihisi kitu kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. "Imejua tu," alisema. "Ina akili kukushinda."

"Ii, kukushinda na wewe pia," Lynn akamjibu, wakacheka.

Angeweza kumwambia mama yake usiku ule. Alifikiria. Lakini mke wa mchungaji alikuwa amesema angependa kuona msaidizi huyo kwa macho yake, na Wakonyo hakutaka kuonekana kwamba chombo chake kina kasoro. Alijiambia angechunguza wiki ijayo. Wiki ijayo ilifika ikapita.

Jumapili ya tano, Beth alisimama kusoma kama kawaida, na alipofika katikati sauti yake ilipanda kwa furaha. "Cucu Njambi wa Theta amepona kabisa. Kwa kuwa hahitaji tena kutembelewa, ameondolewa kwenye orodha, na nafasi yake itapewa mgonjwa mwingine. Jina la Bwana libarikiwe!"

Kanisa lilitikisika kwa vigelegele. Mmoja alianzisha wimbo wa shukrani, wengine wakaupokea. Wakonyo alipiga makofi pia, lakini alimwona Mama Aketch ameketi kimya, mikono mapajani.

Baada ya ibada Mama Aketch aliwakuta nje, karibu na bomba la maji.

"Beth," alisema, "Cucu Njambi ana sukari. Ugonjwa wa sukari hutulizwa, haumwachi mtu akapona hivi hivi. Nani amemwona?"

"Si Mama Ngigi? Ripoti imesema."

"Nimesikia, na nimekuwa nikisikia wiki zote hizi. Nikasema, moyo wa mama huyu! Amehamia Mugutha huko Ruiru, na bado anakuja hadi Theta kila wiki. Nimekuwa nikitaka kumpigia nimshukuru." Akafungua mkoba wake, akatoa lile daftari. Bado alikuwa akilibeba. "Wakonyo, nisomee hapa pembeni, kwenye jina lake. Macho yangu hayafiki."

Wakonyo alisoma kwa sauti ndogo maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa penseli miezi minne iliyopita. "Anahama. Simu ya zamani imepotea. Namba mpya..."

"Hiyo hiyo. Mpigie."

Beth alipiga, akaweka sauti wote wasikie. Mama Ngigi alipokea kwa kelele za furaha, akauliza habari za kila mtu. Kisha Beth akamshukuru kwa kazi ya Theta.

"Theta? Mimi? Beth, tangu mwezi wa pili sijatoka Mugutha isipokuwa kwenda sokoni Ruiru. Cucu Njambi sijamwona mwaka huu. Si Mama Aketch ndiye aliyesema atanishikia zamu?"

"Nilikuwa nikienda," alisema Mama Aketch polepole. "Kila Alhamisi nilienda. Halafu mkaniambia nipumzike, na msaidizi akanipa Mzee Gachau hapa jirani. Nikajua ya Theta imepata mtu."

Beth alifunika simu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama Ngigi anatuficha kitu," alinong'ona. "Wiki tano jina lake linasomwa kanisani, na sifa hizo lazima zimemfikia. Mtu hawezi kukubali sifa za bure wiki tano kisha aseme hajui. Nitamweka mbele ya kikundi."

Wakonyo alitazama chini. Angenyamaza, lawama ingeenda Mugutha na kubaki huko. Hakuna mtu aliyejua maagizo aliyoyaandika. Lakini aliona pia ukurasa ulio wazi mkononi mwa Mama Aketch. Kwenye jina la Cucu Njambi kulikuwa na maneno mengine mawili yenye mstari chini: *Angalia miguu*.

"Mama," alisema. "Usimlaumu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mama Ngigi hakusema alienda. Hakusema chochote. Meseji zilikuwa zinaenda kwa ile simu iliyopotea. Mimi ndiye niliyemwambia msaidizi kwamba asiyejibu amekubali. Nikamwambia akikosa habari aendelee tu." Machozi yalianza kumtoka. "Na Mwalimu Nicanor hakusema kiko tayari. Alisema tulifuate daftari mwezi mzima. Nilikudanganya. Na wiki ya tatu niliona hajajibu, nikanyamaza."

Beth aligeuka akamtazama binti yake. Halafu akauliza swali moja tu, na sauti yake haikuwa na hasira bali hofu.

"Kwa hiyo kwa wiki tano hakuna mtu aliyefungua mlango wa Cucu?"

"Hakuna, Mama."

Hakuna aliyengoja zaidi. Dalmas, mume wa Mama Aketch, alikuwa na gari kuukuu aina ya proboksi alilotumia kusambaza mikate. Aliwapakia wote watatu katikati ya harufu ya mikate, wakashika njia ya Theta. Mama Aketch alisali kwa midomo tu. Wakonyo alijaribu kusali lakini kila alipofumba macho alisikia vigelegele vya asubuhi.

Nyumba ya Cucu Njambi ilikuwa ya mbao, kati ya viwanja ambako watu wageni walikuwa wakijenga nyumba zenye malango marefu. Majirani hao waliondoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Mlango wa Cucu ulikuwa wazi nusu. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kitandani, shuka limefunika magoti yake, mitungi miwili ya maji ikiwa imelala mitupu sakafuni.

"Mmekuja!" alisema, na uso wake wote ukakunjuka. "Ngai, nilidhani mmechoka nami. Nikasema, si vibaya, wana kazi zao."

Mama Aketch alipiga magoti kando ya kitanda. "Habari ya mwili, Cucu?"

"Sina neno, mwanangu. Uchovu kidogo tu."

"Miguu je?"

"Miguu ni mizima."

Mama Aketch aliinua shuka taratibu. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha kichwa, na kilipofunguliwa harufu ilijaza chumba. Cucu alikuwa amevaa kiatu chenye jiwe ndani siku mbili bila kuhisi, kwa maana sukari ilikuwa imeua hisia za nyayo zake. Kidonda kilianza kidogo kama shilingi. Sasa kilikuwa kimekula kidole cha mwisho na kuanza kupanda.

"Hakiumi," Cucu alisema kama anayeomba radhi. "Kingekuwa kinauma ningewaita. Na simu haina moto, na jirani aliyekuwa akinichajia amehama."

Wakonyo alisimama mlangoni. Alitaka kukimbia, lakini mama yake akamwambia, "Chukua mtungi ukateke maji. Kisha uje tumbebe," naye akaenda, akateka, akarudi.

Hospitalini daktari aliutazama mguu kwa dakika nyingi. Alipotoka alizungumza na Beth na Mama Aketch, na Wakonyo alisikia yote.

"Kidole kimoja hakiwezi kubaki," alisema. "Mguu tutaupigania. Mngekuja wiki ijayo, tungekuwa tunazungumza habari ya goti. Ni nani hukagua miguu yake?"

Mama Aketch ndiye aliyejibu, "Ni sisi, daktari."

Siku nne walingoja. Mama Ngigi alifika kutoka Mugutha siku ya pili na chupa ya uji, akamkuta Wakonyo kwenye benchi la nje.

"Kumbe mimi hutembea nikiwa usingizini!" alisema. "Wiki tano naenda Theta na sijui. Viatu vyangu havijachakaa hata kidogo." Wakonyo aliangua kilio, na Mama Ngigi akaacha mzaha, akamkumbatia. "Basi, basi. Mama yako amenieleza. Amesema pia ungeweza kunyamaza nikasulubiwa mimi. Keti tunywe uji."

Siku ya tano daktari alisema mguu umeokoka. Cucu alipoteza kidole kimoja, na alipoamka jambo la kwanza aliuliza ni nani aliyelisha kuku wake.

Ijumaa Wakonyo alimpelekea Mwalimu Nicanor simu na habari zote. Alitarajia kukemewa mbele ya klabu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Kosa si lako peke yako," alisema. "Nilikupa chombo chenye nguvu kisha sikuja kuona unavyokitumia. Nami nimefanya kama wewe. Nilikwambia, nikahesabu kwamba umesikia." Kisha akaomba mama yake Wakonyo na Mama Aketch waje shuleni siku hiyo baada ya masomo.

Walipoketi, mwalimu alifungua kumbukumbu ya kazi zote ambazo msaidizi alizifanya, akawaonyesha mstari kwa mstari. Wiki ya kwanza meseji ilitumwa kwa Mama Ngigi. Hakujibu, ikaandikwa amekubali. Amekubali ikageuka kuwa ameenda. Kwa kuwa ripoti ilitakiwa iwe nzuri, ameenda ikawa amemkuta akiendelea vyema.

"Wiki ya pili," mwalimu alisema, "msaidizi hakuwa na habari mpya. Akasoma ripoti yake mwenyewe ya wiki ya kwanza, akaichukua kama kweli, akaijengea juu. Vyema ikawa vyema zaidi. Mwishowe amepona, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia hana ruhusa ya kumtoa mtu kwenye orodha, akamtoa."

"Hakukusudia kudanganya?" Beth aliuliza.

"Hana kusudi, mama. Alitii maagizo."

Mama Aketch alikuwa akisikiliza huku kichwa kimeinama upande. "Mwalimu, mimi niliishia darasa la saba," alisema. "Niulize jambo la kijinga?"

"Uliza, mama."

"Hiki kitu chenu, kikikosa habari, kinaweza kusema 'sijui'?"

Mwalimu alimtazama, kisha akamtazama Wakonyo. "Kinaweza, tukikiruhusu."

"Basi kifundisheni hiyo kwanza. Mengine yatafuata. Na zile simu zangu ndefu, mliona ni porojo. Nilikuwa natafuta kama huyo mama amefika kweli. Mtu ambaye hajafika hawezi kukuambia uji ulikuwa wa nini."

Wakonyo alishusha kichwa. Jumamosi ngapi alikuwa ameandika majibu hayo bila kujua ni ya nini!

Walikaa mpaka jua likaelekea kuzama. Safari hii Mama Aketch alieleza jinsi kazi inavyofanyika kabla Wakonyo hajagusa simu, na maneno yote ya pembeni yakaingia. Msaidizi aliachiwa kukumbusha watu tu. Hakuruhusiwa kuandika kwamba mgonjwa ametembelewa mpaka mama aliyekwenda alete neno la mgonjwa. Mtu akinyamaza mpaka Jumanne, Beth angepata kengele kwenye simu na kumpigia mwenyewe. Kumwondoa mgonjwa kulibaki kazi ya watu, wakiwa wameketi pamoja. Na daftari? Daftari lingefuatana na msaidizi mwezi mzima, na Wakonyo ndiye angelinganisha.

Lakini lilibaki jambo moja ambalo hakuna mashine ingelifanya. Jumapili, wakati wa matangazo, Wakonyo alitembea hadi mbele ya kanisa. Lynn alikuwa ameketi safu ya tatu, macho yamemtoka.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Jumapili iliyopita tulimshukuru Mungu kwamba Cucu Njambi amepona. Haikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa amemwona kwa wiki tano. Maagizo ya msaidizi niliyaandika mimi, na niliacha mambo ya maana kwa sababu nilitaka kazi iishe haraka. Nilimdanganya mama yangu kuhusu maneno ya mwalimu. Na nilipoona kuna kitu hakiko sawa, niliogopa aibu nikanyamaza. Cucu amepoteza kidole. Nawaomba msamaha, na yeye nimemwomba."

Mzee mmoja akasema "Mungu akusaidie, mwanangu," na wengine wakaitikia kwa sauti ya chini. Wakonyo alitaka kurudi kitini, lakini mama yake akamshika mkono, akampa simu.

"Soma ripoti ya wiki hii," Beth alisema.

Wakonyo akasoma. Ripoti ilikuwa fupi, bila maneno matamu. "Cucu Njambi yuko hospitalini, alitazamwa jana na Mama Ngigi. Anasema supu ya hospitali haina chumvi." Watu walicheka. Akasoma wengine watano, kila mmoja na neno lake. Kisha akafika kwenye mstari wa mwisho, akasita. "Mzee Gachau wa hapa Makongeni. Aliyepangiwa wiki hii mahali pa Mama Aketch hajarudisha neno. Hali yake sijui."

Hakuna aliyepiga makofi. Beth aligeuka kwa akina mama. "Mmesikia wenyewe. Hatujui. Nani ataenda kabla ya chakula cha mchana?"

Wanawake wawili walisimama papo hapo, wakafunga leso zao vizuri. Mama Aketch naye akainuka, akajikongoja hadi mbele, akamwekea Wakonyo mkono begani ili wote waone.

"Watoto wa siku hizi wanajua vitu ambavyo sisi hatuvijui," alisema, "na Mungu awazidishie. Hata hicho chombo sikichukii. Kinanikumbusha siku, na mimi nasahau. Lakini nisikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Kazi ya upendo unaweza kuisaidia kwa mashine, huwezi kuikabidhi. Ukiipa chombo kazi, rudi uangalie kilichofanya, na uangalie tena. Usikubali habari njema ambayo hakuna aliyeiona kwa macho. Na ukigundua umekosa, sema siku hiyo hiyo. Huyu alichelewa, lakini alisema mwenyewe, wakati angeweza kumwachia mwingine msalaba. Kwa hilo, mguu wa Cucu Njambi bado uko."

Akamgeukia Wakonyo. "Sasa wafuate wale mama wawili kwa Mzee Gachau. Muulize mwenyewe anaendeleaje, kisha uje uniambie amesema nini."

Wakonyo alimrudishia mama yake simu, akatoka mbio kuwafuata.